Sundus Amerudi Darasa la Nne

Nyuma ya Kiwanda cha Pamba,
Mallawi, Minya.
Jumamosi, 7 Desemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Rifaat,

Pokea salamu zetu sote huko Kuwait. Hujambo? Kifua kimepoa, au bado unalala na kiyoyozi usiku kucha kama nyama inayohifadhiwa isioze? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Magoti ya Mama yanamsumbua kwa baridi hii, lakini bado anapanda darini kulisha njiwa wake, na ukimwambia ashuke anakuambia ushuke wewe. Mkeo Nashwa ni mzima. Lile shati ulilomletea mume wangu limembana tumboni; anakushukuru hivyo hivyo.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, kisha mtandao unakatika, kisha unanitumia ujumbe wa sauti wa kunilaumu. Karatasi huwezi kuikatiza. Kaa chini, jitilie chai, usome mpaka mwisho.

Sundus wako amerudi darasa la nne. Nimemrudisha mimi. Usirushe kikombe, bado sijaanza.

Unakumbuka mwaka wa shule ulipoanza nilikuambia binti yako ananimalizia hesabu kabla wenzake hawajanakili swali ubaoni. Watoto zaidi ya sitini chumba kimoja, na yeye amekunja mikono ananitazama kama anayengoja treni. Nikafanya kama tunavyofanya walimu wote: nikamwongezea maswali. Akimaliza, namwongezea mengine ya aina ile ile. Ghafla akawa wa polepole. Akaanza kukosea vitu alivyovijua tangu chekechea. Wewe ukapiga simu na kufoka kwamba walimu tumemtia mtoto wako ujinga.

Nikamkalisha jikoni tukichambua mlenda, nikamuuliza ana nini. Akanijibu bila hata kuinua macho: "Shangazi, mimi nikimaliza haraka napewa kazi nyingine. Heba akienda polepole anapumzika. Sasa kati yetu mjinga nani?"

Nikauacha mlenda pale pale, Rifaat, nikaenda kufungua kitabu cha hesabu.

Basi nikabadilisha. Nikianza somo jipya, natoa kwanza maswali magumu, yale ya mwisho wa sura. Anayeyapata haniandikii mengine; anakwenda meza ya nyuma, ambako kuna kazi tofauti kabisa. Kazi ya kwanza ilikuwa kukata maumbo ya kadibodi na kutafuta yapi yanaweza kutandazwa sakafuni kama vigae bila kuacha pengo, na kueleza kwa nini. Meza ni ya yeyote. Siku ile alikwenda Sundus, na akaenda Marina, binti wa Girgis kinyozi, ambaye kila mwalimu alinionya kwamba ni mvivu na mdomo wake hautulii. Mvivu wapi! Alichoka kunakili tu.

Binti yako alidhani ni mchezo. Maumbo ya pande tatu yakamkubali, ya pande nne, ya pande sita. Ya pande tano yakamgomea. Akageuza, akakata mengine, akageuza tena, kisha akatupa mkasi akaangua kilio mbele ya darasa zima. Ana miaka tisa, na alikuwa hajawahi kukutana na kitu kinachomgomea. Nilifurahi moyoni, Mungu anisamehe. Kesho yake alifika shule kabla ya bawabu.

Ungedhani watu watashukuru. Mama Heba alinijia kajifunga mtandio kiunoni, akasimama mlangoni mwa darasa.

"Wewe Mwalimu Inas! Mpwa wako anacheza na mikasi, binti yangu mkono unamvunjika kwa kuandika! Au nyinyi damu yenu ni ya dhahabu?"

Nikamwambia meza ni ya wote.

"Ya wote wenye shangazi!"

Akapitiliza ofisini kwa mwalimu mkuu, Bi Samiha, mtu ambaye akisikia kelele tu anatafuta kitu cha kufunga. Akafunga meza yangu. Akachukua mikasi akaitia kwenye droo. "Darasa lote ukurasa mmoja, siku moja," akaniambia. "Mkaguzi akija nitamwonyesha nini, kadibodi?"

Na hapo, ndugu yangu, ndipo ulipoingia wewe. Ukampigia Bi Samiha mwenyewe kutoka huko, bila kuniuliza mimi ninayemfundisha mtoto, wala Nashwa aliyemzaa, ukadai arushwe madarasa mawili. Nusura akubusu kwenye simu. Tatizo lake linahama chumba, kwa nini asifurahi? Kesho yake Sundus akapelekwa darasa la sita kwa majaribio, na wewe ukawatangazia watu wote huko kwamba umezaa profesa.

Sasa nikuambie yale ambayo Nashwa amekuficha kwa kuogopa ugomvi. Hesabu za kule alizimudu upesi, kisha akaanza tena kukunja mikono, maana kungoja ni kule kule, chumba tu ndicho kingine. Imla ilimshinda, mkono wake bado mdogo, haumfikii mwalimu anayesoma kwa kasi. Miguu haikugusa sakafu. Wasichana wakubwa wakamgeuza mtumishi wao wa kazi za nyumbani, na asipowafanyia hana pa kukaa. Wakati wa mapumziko alikuwa anajificha chooni. Chooni, Rifaat! Vyoo vya shule ile unavijua, ulisoma pale pale.

Asubuhi akawa anatapika chai. Mama akasema ni jicho la watu, akafukiza uvumba nyumba nzima mpaka majirani wakakohoa. Nashwa akasema ni minyoo. Kila mtu ana dawa mkononi, hakuna anayemuuliza mtoto.

Nilimuuliza mimi. Akaniambia, "Shangazi, usimwambie Baba. Atasema nimeshindwa."

Nikaingia darasa la sita katikati ya somo, nikamwomba radhi mwenzangu, nikabeba begi la mtoto, nikamshika mkono tukatoka. Bi Samiha alitukimbilia kwenye ngazi. "Mwalimu Inas! Baba yake ameagiza!"

"Baba yake ni mdogo wangu," nikamjibu. "Nitamwandikia."

Akasema atanishtaki wilayani na nitahamishwa niende nikafundishe ng'ambo ya mto. Nikamwambia ashtaki, ila asisahau kutaja na habari ya chooni. Hapo akapunguza sauti.

Kilichotuokoa sikukitarajia kabisa. Meza ilikuwa bado imefungwa, lakini maswali magumu niliendelea kuyatoa. Wiki hii Mama Heba amerudi, na mtandio kiunoni vile vile. Nikasema, leo nimekwisha. Kumbe hakuja kwangu. Alimwendea Bi Samiha, na sauti yake tuliisikia ghorofa zote.

"Meza mmeifunga kwa nini? Binti yangu anahangaika na hayo maswali magumu tangu lini, leo ameyapata yote, mnamwambia hakuna meza? Au ilikuwa ya wenyewe?"

Nilitaka kumkumbatia na kumnyonga kwa pamoja. Bi Samiha alitazama dari, akavuta droo, akanisukumia mikasi. "Chukua," akasema. "Na mkaguzi akija, mimi ni mgonjwa."

Basi ndivyo tulivyo. Wakiyapata maswali wanakwenda nyuma. Wasipoyapata wanakaa na wenzao wajifunze, na Sundus naye wiki hii amekaa mara moja, amenuna, na hakufa. Heba hana kasi, lakini akishika swali haliachii, na hilo binti yako analihitaji kuliko darasa la sita. Sijui itadumu mpaka lini. Nimechoka na mwalimu mkuu, nimechoka na wazazi, na wewe umenichosha kuliko wote. Lakini mtoto anakula.

Nakuomba umpigie Bi Samiha umwambie umeridhika. Usimweleze zaidi.

Na jambo la mwisho. Ijumaa iliyopita ulipopiga simu, Sundus hakuwa ametumwa dukani kama ulivyoambiwa. Alikuwa chini ya kitanda cha Mama, kajiziba masikio, kwa sababu swali lako la kwanza analijua: "Umekuwa wa ngapi?" Ijumaa ijayo usimuulize hivyo. Muulize anahangaika na nini. Kisha, Rifaat, nyamaza, umsikilize.

Mama anakusalimia na anasema uvae fulana ndani ya shati. Nashwa anakusalimia, usimgombeze. Mume wangu Wagdi naye anakusalimia. Nisalimie Shukri, mwenzako wa chumbani. Mwenyezi Mungu akuchunge ugenini, akupe riziki njema, na akurudishe kwetu ukiwa na afya na subira.

Wako akupendaye, hata kwa hasira hizi,
dada yako,
Inas