Sanduku Halikuja

Jumanne, 11 Juni

Sanduku limefika! La chuma, kona zake za mpira. Ndani sponji nimeikata mwenyewe kwa wembe: kila lenzi na shimo lake, kila kamera na kitanda chake. Ijumaa tunapanda ndege kwenda kupiga picha za harusi, na safari hii sitaki kusikia habari ya kioo kilichopasuka njiani. Juu nimebandika stika nyekundu: VIFAA VYA KAMERA, BEBA POLEPOLE.

Mke wangu kalizunguka, mikono kiunoni. "Umetuletea jeneza." Halafu akaiona stika, akacheka mpaka akakaa chini. Eti nimemwandikia mwizi mwaliko. Yeye vyake anatia kwenye begi la mgongoni lililochakaa, lile la kubebea nguo chafu, zipu inauma vidole. Nani atalitamani, anasema.

Mdomo anao! Ndiyo maana nilimuoa.

Jumatano, 12 Juni

Tumegombana kidogo. Anataka tuchanganye: kamera yangu moja kwake, yake moja kwangu, lenzi nusu kwa nusu. Begi moja likipotea, jingine linatosha kupiga harusi. Ndivyo tulivyosafiri siku zote. Nikakataa. Vitu vyangu vikae kwenye sponji niliyovikatia. Basi, akasema, kila mtu na vyake.

Limenikaa hilo neno. Kila mtu na vyake.

Maana — acha niliandike, hapa hakuna anayesoma — kuna studio kubwa hukohuko tuendako inamtaka. Kazi ya kudumu, aanze mara moja. Jibu wanalitaka Jumatatu. Akikubali, anabaki kule kwa dada yake, mimi narudi peke yangu. "Twende wote," aliniambia mwezi uliopita. Nikamuuliza, mama nitamwachia nani? Mama yangu yuko chumba cha pili na magoti yake yale, hata kwenda chooni anashika ukuta. Tangu hapo hakuna aliyeligusa tena jambo hilo, si yeye, si mimi.

Alhamisi, 13 Juni

Nimelichungulia begi lake akiwa anaoga. Si tabia nzuri, najua. Kamera mbili, lenzi kazivalisha soksi na kuzizungushia sweta. Chaja, kadi, waya, taa ndogo. Hakuna kilichopungua. Begi la mtu anayeweza kufanya kazi peke yake. Na nguo zake je, si nyingi mno kwa safari ya siku nne? Au macho yangu tu.

Mama kamwita chumbani, kamshika mkono, hamwachii. Nenda salama mwanangu, kamwambia. Mimi kaniambia nisisahau koti.

Naogopa. Haya, nimeandika.

Ijumaa, 14 Juni

Siku gani hii!

Dada wa kaunta kalitazama sanduku, kanitazama mimi. Kubwa mno, haliingii juu ya viti. Liende chini na mizigo. Nikambembeleza, nikamwonyesha stika. "Stika naiona, kaka." Halafu akauliza kama ndani mna betri. Zimo. Basi toa, hizo hazikai chini, zinaweza kushika moto. Nikapiga magoti mbele ya foleni nzima, nikafungua kufuli, nikajaza betri mifukoni. Nyuma yangu mzee mmoja anaguna. Mke wangu kasimama na begi lake chakavu mgongoni. Afadhali angecheka.

Kwenye ndege alilala. Begi lilikuwa chini ya kiti cha mbele yake, mguu kaupitisha kwenye mkanda wake ili mtu akilivuta aamke. Nilikuwa na saa nzima ya kumwambia usibaki huko. Nikasoma maelekezo ya mlango wa dharura.

Tukafika. Ukanda wa mizigo ukazunguka, watu wakabeba vyao wakaondoka. Ukazunguka mtupu. Ukasimama. Sanduku hakuna! Lo, nimesimama pale suruali imenining'inia kwa betri, na kamera sina hata moja. Watu wa ofisi ya mizigo wamechukua namba yangu, watapiga.

Shemeji, dada yake mkubwa, katupokea vizuri, pole nyingi. Chumbani mke wangu kamwaga begi lake kitandani. Kamera yake nzuri kaisukuma kwangu. Yeye kabaki na ya akiba, kuukuu, kitufe chake mpaka ukibembeleze. "Lete betri zako hizo, zinaingia." Neno la nilikwambia halikumtoka. Nilikuwa nimelisubiri nigombane nalo.

Jumamosi, 15 Juni

Harusi tumeipiga. Sikumbuki lini tulifanya kazi vizuri hivi. Mimi mbele, yeye pembeni. Nikigeuza shingo tu, keshajua nataka mwanga, kausogeza. Mjomba wa bibi harusi kauliza kama sisi ni mapacha! Tumecheka wote wawili.

Jioni tumezitazama picha huku tunakula. Nzuri kuliko zote ni zake. Kwa kamera ile, jamani! Bibi harusi anamfunga baba yake kifungo cha shati, mzee kafumba macho. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo, sikuona kitu.

Hahitaji kamera nzuri. Hanihitaji hata mimi. Sasa kunipa ile nzuri ni mapenzi, au ndiyo kuaga kwenyewe? Nikafungua mdomo nimuulize. Nikaomba chumvi.

Jumapili, 16 Juni

Simu! Dada wa ofisi ya mizigo. Sanduku limeonekana — lilishushwa mji mwingine kabisa, zima, kufuli mahali pake. Nikaweka spika ili mke wangu asikie. Litafika huku Jumanne. Nikamwambia sisi tunarudi kesho. Si tatizo, akasema, wanaweza kulituma hadi kwetu, ila litachukua wiki nzima. Au walilete hapa tulipofikia, Jumanne asubuhi, kama kutakuwa na mtu wa kulipokea.

Shemeji hatakuwepo. Kesho alfajiri anasafiri kikazi, hata begi lake liko mlangoni.

"Kaka? Jumanne kutakuwa na mtu hapo?"

Mke wangu alikuwa anafuta lenzi kwa kitambaa. Akaacha. Nikamtazama, akaitazama lenzi. Swali langu lote, la mwezi mzima, kaniulizia mtu wa mizigo!

Nikamwomba dada anipe dakika kidogo. Hakuna shida, atapiga tena.

Mke wangu karudi kufuta lenzi ileile. Haina hata vumbi. Mimi nimekaa mkabala naye, naandika ili mikono iwe na kazi. Simu iko mezani katikati yetu. Nikisema litumwe nyumbani, nitakuwa nimemjibia. Nikisema liletwe hapa, nitakuwa nimemruhusu. Sisemi.

Inaita. Kaiwahi yeye. "Haloo, dada," anasema, na macho yake yako kwangu.