Damu Iliyosubiri Chakula

Michenzani, Unguja Mjini
12 Februari 2024

Kwa dada yangu mpenzi Kidawa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kile kikohozi cha mwanao Mkadam kishapoa. Mie sijambo, alhamdulillahi, ila usingizi ndo umenihama, na sababu yake utaiona humu humu. Mama namuulizia mbali: anakula? Yale maumivu ya ubavu wa kulia bado yamsumbua?

Utanicheka kukuandikia karatasi kama watu wa zamani. Lakini simu yako ikilia unaiweka sauti kubwa, na Mama yupo hapo hapo ukumbini anasikia mpaka pumzi. Nimempa jirani yangu Pandu, anayekuja huko, akutie mkononi. Isome chumbani, peke yako.

Kazi yetu ya maabara unaijua: tunatafuta dalili za saratani ya ini mapema, kabla mtu hajavimba tumbo. Kwenye damu mna vijipande vidogo mno viitwavyo maikro-RNA, na baadhi yake huzidi ini likianza kuharibika. Lakini huwezi kusema kimezidi mpaka uwe na cha kulinganishia, kijipande kingine kisichopanda wala kushuka. Ni kama kibaba cha Mama cha kupimia mchele. Kibaba kikipanuka wewe hujui, utasema mchele umepungua, kumbe uongo uko kibabani.

Kibaba hicho nilikichagua mie. Mkubwa wangu, Dk. Shamsi, aliniachia, nami nikashika kijipande kilichojaa tele kwenye chembe nyekundu za damu, kwa kuwa wengi hukitumia. Majibu yakatoka mazuri ajabu: wenye saratani juu, wasio nayo chini. Tulifurahi mpaka tukagawana haluwa.

Wiki mbili nyuma Dk. Shamsi akauliza mbona watu wa Makunduchi, huko kwenu, wako chini kuliko wote. Akanituma nikazitoe chupa zao nizitazame kwa macho. Loh! Maji ya damu yanatakiwa yawe manjano. Yale yalikuwa mekundu, kama juisi ya choya iliyozidi maji. Chembe zilipasuka, zikamwaga kile kile nilichokifanya kibaba. Nikarudia hesabu zote kwa vijipande vitatu visivyotoka kwenye chembe hizo. Watu wa Makunduchi wakakaa sawa na wenzao, isipokuwa mmoja, namba kumi na saba, aliyepanda akakaa na wagonjwa.

Majina hatuandiki, dada, lakini mkono ule niliutoa damu mwenyewe, barazani kwenu. Ni Mama.

Sasa sikiliza kosa langu. Siku ile chupa zote za Makunduchi zilitakiwa ziwahi mashine mjini ndani ya masaa mawili, na Kheir dereva alishawasha gari. Mama akatoka na sinia la wali na pweza wa nazi, akasema mtu haondoki kwake na njaa, labda kama tunamdharau. Mie ndiye niliyesema tukae. Tukala, tukanywa na kahawa, damu ikitusubiri garini juani. Masaa matatu, wallahi, ndo chembe zikapasuka. Na kwenye karatasi ya muda nikaandika lisaa limoja, kwa haya ya kusema kuwa kazi ilisimama kwa ajili ya pweza wa mamangu.

Tena haikuishia hapo. Majibu hayaruhusiwi kutoka maabara, nami nikachungulia ya Mama, nikakupigia simu kuwa Mama safi, hana lolote. Kwa neno langu hilo, yeye mwenye homa ya ini miaka yote hii, akaacha kliniki. Miezi minane, Kidawa! Na kila Ijumaa ananiombea dua kwa kumletea habari njema. Naona aibu hata kuitikia amin.

Leo asubuhi nimemwambia Dk. Shamsi yote. Hakunipigia kelele. Akasema karatasi isahihishwe, yale majibu yafutwe, na Mama aletwe upesi. Kanambia pia kuwa damu iliyoharibika haimhukumu mtu, huenda isiwe lolote. Hilo nimelishika kwa mikono miwili. Mlete Alhamisi saa mbili asubuhi apigwe ultrasaundi, ile picha ya ini, na atolewe damu nyingine. Nitawapokea mlangoni pa maabara.

Akikuuliza, mwambie Sumaiya alikosea hesabu, na radhi nitamuomba mwenyewe. Lakini habari ya chakula, nakuomba kwa Mungu, izike. Akijua, hatompikia mgeni tena maishani mwake, na kosa si lake. Najua Alhamisi atakuja na kikapu. Usimkataze, mwache apike anachotaka. Safari hii kikapu kitasubiri, damu ikishafika mashineni ndo nitakula.

Nisalimie watoto wote, na Mama mbusie mkono kwa niaba yangu, usimwambie kwa nini.

Mdogo wako,
Sumaiya