Seli za Mzee Sefania

Mhezi, Same
20 Mei 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kidonda cha mwiba wa mkonge kimepona. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana, Bibi Eliwaza pia, ingawa analalamika kwamba ukiandika humtaji.

Baba, unanijua: mbele ya watu sauti yangu hukwama. Basi utashangaa kusikia kwamba Jumapili nilisimama na kusema kwenye mkutano wa kijiji. Nataka nikueleze mwenyewe.

Mahindi ya shamba la ujamaa yamedumaa. Ya katikati hayajapita kifundo cha mguu, na kila mchana yananyauka. Kwa kuwa Mama ndiye anayefungua maji kutoka kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, watu wakaanza kusema anayapeleka kwenye migomba yake. Wengine waliacha hata kumsalimu. Mkutano uliitishwa ili anyang'anywe kazi hiyo.

Kabla ya mkutano niling'oa mche mmoja uliodumaa na mwingine mzuri wa kando ya mfereji. Nilichimba, nikakuta chini kuna unyevu kote. Tofauti ilikuwa mizizini. Ule mzuri ulikuwa na mizizi mirefu, myembamba. Uliodumaa ulikuwa na mizizi mifupi, minene, imepinda kama msumari uliogonga jiwe.

Mkutanoni nilianza vibaya. Nilisema shida iko kwenye seli: zinagawanyika lakini hazirefuki. Mzee Sefania, balozi wetu wa nyumba kumi, akaruka. Mabwana wa wilayani huziita nyumba zake seli, naye akadhani namshtaki kwamba amewagawa watu wake. Akauliza nani kanituma, na kama huko sekondari tulifundishwa kuvunja chama. Bibi Eliwaza akamwambia akae chini, mtoto anasema habari za mahindi, ubalozi wake hakuna anayeutaka. Watu wakacheka sana, na kicheko kile kikanifungua mdomo.

Nikamwambia Mzee Sefania kwamba, kwa heshima zote, nyumba zake zinanisaidia kueleza. Mzizi umejengwa kwa vyumba vidogo mno, shuleni tuliviona kwa hadubini. Karibu na ncha, chumba hugawanyika kuwa viwili, kama kijana anavyooa na kutoka kwa wazazi. Lakini wingi peke yake hautoshi. Vyumba vipya lazima vinywe maji na kurefuka, ndipo ncha isukumwe chini. Ardhi ikiwa ngumu vinakosa pa kurefukia, vinanenepa tu, na hata kule kugawanyika kunapungua. Mama anamwagilia asubuhi, jua linakausha udongo wa juu, na maji yaliyobaki chini mizizi haiyafikii.

Tukaenda wote shambani. Mzee Sefania mwenyewe alipiga jembe katikati, likadunda. Kando ya mfereji likazama. Akamgeukia Mama, akasema mbele ya wote, "Mama Dina, tusamehe."

Sasa Baba, hapa ndipo penye neno zito. Waliuliza nani kaikanyaga ardhi hadi ikawa hivyo. Baba mdogo Melkizedeki akatazama miguu yake. Mimi nilijua. Ulipokuwa likizo, mvua za kwanza zilipoanza, ulimwagiza awapitishe ng'ombe wetu katikati ya shamba kwenda kunywa maji, kwa sababu njia ya kuzunguka ni ndefu, na kwato zao zikaushindilia udongo uliolowa. Nikasema hivyo. Nilikutaja kwa jina. Ningenyamaza, wangetafuta mwingine wa kumlaumu, na Mama ndiye aliyekuwa karibu.

Sikukukosea heshima, Baba, na sijuti. Nimetaka tu ulisikie kwangu kwanza. Hakuna aliyekutukana. Wameamua pale katikati patifuliwe kwa kina na kupandwa maharage, na kila nyumba imepewa sehemu yake. Yetu ndiyo ngumu kuliko zote. Mama hataki mtu mwingine ailime. Anasema inakusubiri wewe. Ukipata ruhusa, njoo. Wewe utaanzia juu, mimi nitaanzia chini, na tutakutana katikati.

Wasalimu wenzako wote wa kambini. Mungu akulinde.

Ni mimi mwanao, ninayekuheshimu leo kama jana,

Dina Aminiel