Usiseme Ulituma Wewe

Masaki, Kisarawe,
Mkoa wa Pwani.
11 Juni, 2025

Mpendwa mdogo wangu Ipyana,

Ugonile, mwana wa mama. Hujambo huko Bergen? Mgongo umepoa, au bado unaendesha basi lao umejifunga mkanda kiunoni? Elina na watoto wanaivumilia hiyo baridi? Sisi wazima wa mwili. Mihogo imekubali mwaka huu, na Aneth wangu amepata kazi kiwandani Zegereni.

Usishangae kupata barua ya mkono. Brighton kanikataza simu, anaogopa zinasikilizwa.

Mpwa wako huyo Brighton anachunguzwa na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, Ipyana. Si unajua ni afisa manunuzi kwenye ofisi moja ya serikali pale Kibaha? Madawati ya shule za vijijini yamelipiwa, na hakuna anayejua yaliko. Naandika hivi kwa aibu.

Na mimi nimejiaibisha kivyangu. Mwezi uliopita walikuja wageni wawili, mama mmoja na kijana wa kiume, nadhifu kweli, wakasema wana maswali kuhusu familia yetu. Vitambulisho walinionyesha, lakini miwani nilikuwa nimeiacha chumbani, na akili yote ilishakwenda kwa Aneth. Nikajua hii posa! Wee, nilijisifu. Nikawatembeza nyumba nzima mpaka jikoni, nikawaambia yote hii kajenga Brighton, na viwanja Zegereni anavyo, mwoaji ajue anaingia kwa watu gani. Nikachinja na jogoo.

Hawakugusa hata maji. Nikanuna, nikasema moyoni watu gani hawa wenye maringo. Yule mama akaniambia kwa upole, "Samahani mama, kazi yetu haituruhusu kula hapa." Ndipo akanieleza upya wametoka wapi. Jamani, nilibaki nimeshika sahani.

Kumbe Brighton kawaambia nyumba hii umejenga wewe kwa fedha za Ulaya. Wewe, unayebanana na watoto kwenye vyumba viwili! Na yale niliyoyasema mimi, kawaambia mama yake ni mzee, amechanganyikiwa. Jumapili alikuja akapiga magoti hapa sebuleni. "Mama, mwandikie mjomba. Wakimuuliza akubali tu, yaishe." Akalia. Mtu mzima na ndevu zake analia mbele yako, na wewe ndiye uliyemzaa. Nikamwambia nitaandika.

Sasa sikiliza. Cherehani yangu bado naifanyia kazi. Siku zote nawawekea viraka watoto wa hapa kwenye kaptula za shule, pale pa kukalia, na nawagombeza kwamba wanacheza kuteleza. Juzi jirani yangu Nuria kaleta za wajukuu zake, nikamuuliza hawa wanafanya nini mbona zinaisha sehemu hiyohiyo. Akasema, "Si wanakaa kwenye saruji, dada. Madawati hakuna." Hakusema kwa kunisuta, hajui lolote. Nilizishona nimekaa kwenye kochi alilonunua Brighton, na Nuria aliporudi kuzichukua nilishindwa kumtazama usoni.

Kwa hiyo, mdogo wangu, wakikutafuta waambie ukweli. Usiseme ulituma wewe. Hukutuma, na sitaki jina lako liingie kwenye uchafu huu. Nyumba wakiichukua, nitapanga chumba. Brighton akifungwa nitakwenda kumtazama kila watakaponiruhusu, kwa sababu nampenda na hilo halina dawa. Na wewe usimchukie. Yule ni mtoto uliyemnunulia viatu vyake vya kwanza vya shule.

Msalimie sana Elina, na wanao uwabusu mmojammoja kwa niaba ya shangazi yao. Aneth anakusalimu, anasema shikamoo mjomba. Kaburi la mama nilipeleka watu wakalipalilia.

Naishia hapa, maana Brighton ananisubiri barazani. Barua hii anaipeleka posta yeye mwenyewe, bahasha na stempu kanunua yeye. Sasa hivi kachungulia mlangoni kuniuliza kama nimemwandikia mjomba vizuri. Nimemwambia ndiyo, mwanangu. Hata hajaomba kuisoma.

Mungu akutunze ugenini, akurudishe tukiwa bado tunatazamana usoni.

Dada yako akupendaye,
Atupele