Chupa za Buluu Zilizofukizwa Moshi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sairakan Moldokulova
Umri: miaka 71
Kazi: mwalimu mstaafu wa sarufi
Makazi: kijiji cha Kara-Jylga, nyumba ya tatu kutoka darajani
Mwandishi: Sajini Ernis Tolomushev

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Sajini anayeyaandika nilimfundisha darasa la tano, kwa hiyo nimemwomba asiongeze neno.

Mnamo tarehe 14 Mei, baada ya chai ya asubuhi, nilikuwa nyumbani kwa jirani yangu Burulcha, mama yake daktari wa mifugo Jeenbai. Katika chumba cha mwisho daktari alikuwa amepanga chupa kwenye dirisha linalotazama kusini. Zilikuwa na majimaji yenye virusi vya ndui ya kondoo, yaliyotiwa rangi ya buluu. Alitueleza kwamba rangi hiyo ikipigwa na jua huviua virusi, na majimaji hayo huwa chanjo. Kondoo wa kijiji kizima walikuwa wakiisubiri kabla ya kupanda malishoni milimani.

"Mama, ugonjwa bado uko hai humo," alisema. "Usiziguse."

"Uko hai nyumbani mwangu?"

"Jua litaumaliza." Akapanda farasi, akaenda zake.

Punde alifika mfugaji Shaarbek, mdogo wa marehemu mume wa Burulcha. Asubuhi hiyo alikuwa ametangaza mbele ya duka kwamba atazivunja chupa hizo kwa mjeledi, maana hataki kondoo wanaokojoa buluu. Hata hivyo aliingia kwa adabu. Mjeledi aliutundika mlangoni, kama impasavyo mgeni, akanywa bakuli mbili za maziwa ya farasi.

"Shemeji, mwanao siku hizi anapika wino?" aliuliza.

"Kunywa, mzee. Ulimi wako ndio unaohitaji chanjo."

Alicheka, akaondoka, akausahau mjeledi. Chupa hakuzisogelea. Sikumwondolea macho.

Alipotoka, Burulcha aliniambia, "Mwalimu, jua peke yake? Tangu lini ugonjwa ukaogopa jua?"

Kwetu ugonjwa hufukuzwa kwa moshi wa mreteni, mti wenye harufu kali. Zizi hufukizwa, mtoto mchanga hufukizwa, hata mimi nilifukizwa nilipostaafu. Burulcha aliwasha matawi ya mreteni katika kikaango cha chuma, akakiweka karibu na chupa, akazifunika zote kwa blanketi zito la sufu ili moshi usipotee. Nilimkumbusha kwamba daktari amekataza kuzigusa.

"Sijagusa. Nimefunika."

Sentensi hiyo haikuwa na kosa la sarufi. Kisha akaenda kuoka mikate kwa dada yake, ng'ambo ya mto, nami nikarudi kwangu.

Alasiri daktari alirejea. Alikuta chupa zimetapakaa masizi chini ya blanketi, gizani, virusi vikiwa hai. Angewachanja kondoo kwa majimaji yale, angewapa ndui kwa mkono wake mwenyewe. Mlangoni aliuona mjeledi, akayakumbuka maneno ya dukani, akaja hapa kituoni kumshtaki baba yake mdogo.

Leo asubuhi nilisikia kwamba Shaarbek yumo mahabusu na kwamba kondoo wake wanalia zizini bila mchungaji. Nilimfuata Burulcha. Alishika mashavu.

"Ole wangu! Nimemfungisha shemeji yangu!"

Alifunga maandazi ya moto katika kitambaa, tukaja hapa pamoja. Daktari alikuwa kwenye kaunta.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi. Nilikusaidia usiku na mchana tangu ulipozaliwa, msaada wa jana ndio umeushtaki."

Daktari alijaribu kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka akajishikilia ukutani. Shaarbek akapaza sauti kutoka ndani: "Cheka tu, mpika wino! Mimi sitoki humu mpaka uniletee mjeledi wangu!"

Shaarbek hana hatia yoyote, isipokuwa mdomo. Naomba aachiwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, nimesahihisha makosa mawili ya tahajia, na ninayathibitisha.

(Sahihi) S. Moldokulova

Maoni ya afisa: Mlalamikaji amefuta shauri. Amemkabidhi baba yake mdogo mjeledi kwa mikono miwili, na mtuhumiwa ametoka akitafuna andazi. Ameahidi kwamba kondoo wake watakuwa wa kwanza kuchanjwa, hata wakikojoa buluu. Chupa mpya zimewekwa juani. Bi. Burulcha ameonywa akae mbali nazo, naye amekubali. Kabla ya kuondoka ameifukiza mahabusu. Nimetafuta kifungu cha kumzuia, sikukipata.

(Sahihi) Sajini E. Tolomushev