Maji ya Mbio

Kinampanda, Jumapili baada ya mavuno

Mjukuu wangu Mariamu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mama yako mzima. Kaburi la bibi yako tumelijengea.

Umeniuliza, kwa kuwa sasa unapanga michezo ya mkoa, nini kitangulie. Nakujibu kwa hasira niliyonayo tangu enzi za Ujamaa.

Kwenye mbio za kijiji wanaume walikimbia, bibi yako akapewa kazi ya kuwanywesha maji. Aliwanywesha kilimani, akawapita na kibuyu chake, akawanywesha tena mbele. Kwenye mkutano wa tathmini, mwenyekiti akasema mbio zimepiga hatua na wanawake wamesaidia kubeba maji.

Bibi yako akasimama. “Ndugu Mwenyekiti, huyo mwenye maji aliwatanguliaje?”

Watu wakacheka.

“Wanawake tutawapangia mbio zao mwakani, mama,” mwenyekiti akasema.

“Na mwakani maji utabeba wewe?”

Hawakumpangia kamwe. Nimemzika, na neno hilo bado linanichoma.

Mbio za wasichana zitangulie; wakisema “mwakani”, usikubali kukaa. Mkumbuke bibi yako, nami unikumbuke.

Babu yako