Vigae vya Mtindi

Jumanne, 4 Machi

Kimya changu kimezidi, na wa kumwomba radhi ni karatasi hii tu. Tangu mdogo wangu apate kiharusi na kuhamia kwangu sijaandika hata mstari. Nilijiambia sina nafasi. Nafasi nilikuwa nayo. Nilichokosa ni hamu ya kujisoma.

Habari za nyumbani, basi. Mdogo wangu anatembea vizuri. Mkono wa kushoto bado — anaubeba kama mzigo aliopewa na mtu amshikie. Jana mwanawe alipiga simu. Anataka mama yake akaishi kwake. Kuna chumba, kuna mkewe, kuna mjukuu. Mdogo wangu akamjibu kwamba yuko sawa kwa dada yake, na kwamba yeye si kabati la kuhamishwahamishwa. Nilikuwa nakunja nguo chumba cha pili. Nilisikia yote. Nilifurahi mno! Sikumwambia.

Mwanawe atakuja Jumapili pamoja na mtoto, aone kwa macho yake kama mama anajiweza.

Alhamisi, 6 Machi

Jikoni hapakaliki! Mdogo wangu ameona kwenye simu namna ya kugandisha mtindi: unautandaza kwenye trei, unaweka matunda juu, unautia kwenye friza, ukishakuwa mgumu unauvunjavunja kwa mkono. Vipande hivyo ameviita vigae. Vya mjukuu, kwa Jumapili.

Nilimwambia mtindi ni chakula cha bakuli na kijiko.

"Dada, wewe hata kucheka ungekupangia ratiba. Bibi Kengele!"

Jina hilo alinipa tukiwa wadogo. Sikucheka mbele yake. Nilikwenda kucheka chumbani.

Msaada amekataa. Mtindi umefungwa kwenye kitambaa uchuje maji. Ili kukikamua, alishika ncha moja kwa mkono wa kulia na nyingine kwa meno. Nikasema huo si usafi. Akasema basi nigeuke nisione.

Ijumaa, 7 Machi

Ameutandaza kwenye trei, juu ya karatasi ya kuokea. Mtindi mzito, asali, ndizi, zabibu, karanga za kukaanga. Mwiko ulikuwa mkono wa kulia. Trei aliishika kwa mkono wa kushoto — ule ule! Vidole viwili tu, lakini trei haikuteleza. Akaniangalia ajue kama nimeona.

Niliona. Kilichonitoka kinywani ni kwamba karanga zimekaa upande mmoja.

Jumamosi, 8 Machi

Leo ni siku ya kuyeyusha barafu. Kila Jumamosi nikimaliza kufagia huichomoa friza, hata iwe na utando mwembamba kama pumzi kwenye kioo. Trei niliiona. Siwezi kusema sikuiona. Niliitoa, nikaiweka mezani, nikaifunika kwa kitambaa safi. Nikajiambia: itaganda tena.

Yeye alikuwa amelala. Alipoamka, vigae vilikuwa uji. Nimerudisha trei kwenye friza. Aliniona nikiirudisha.

Jumapili, 9 Machi

Ilikuwa aibu. Maji yalikuwa yamejitenga, matunda yamezama, na kilichoganda upya kimeng'ang'ania karatasi ya chini. Mdogo wangu alijaribu kuvunja mbele yao. Hakivunjiki. Nikampa kisu. Kisu kikateleza. Mjukuu akapewa kipande, akakitafuna kidogo, akakitemea kiganjani.

"Bibi, mbona kina karatasi?"

Mwanawe alikuwa mpole, na upole wake ndio uliouma. "Mama, si ungenunua tu aiskrimu? Mkono wenyewe huo." Kisha akanigeukia. "Mama mkubwa, unaona mwenyewe. Hajiwezi."

Hapo ndipo palikuwa pangu pa kusema. Maneno yalikuwa machache: ni mimi niliyeviharibu vigae. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote kusema kweli wakiwa wamesimama wima. Mimi nilisema:

"Chai inapoa."

Mdogo wangu aliniangalia kidogo tu. Halafu akamwambia mwanawe kwamba kuhusu kile chumba, atafikiri.

Jumanne, 11 Machi

Asante dada. Samahani dada. Usijali dada. Nyumba nzima imejaa adabu. Bibi Kengele hajaitwa tena.

Ameshusha sanduku kutoka juu ya kabati. Nikauliza la nini. Analifuta vumbi, alisema. Mwanawe atarudi Jumamosi kupata jibu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia mwanawe. Nimemweleza yote: friza, trei, Jumamosi zangu. Akacheka! "Mama mkubwa, yaani umenipigia kwa ajili ya mtindi?" Nikamwambia si mtindi, ni mama yako. Akaacha kucheka. Kisha akauliza, kama ni hivyo, kwa nini mama mwenyewe hakusema.

Kwa sababu ningeaibika mbele ya mwanawe. Mdogo wangu alikubali kuonekana hajiwezi ili dada mtu asiaibike. Na mimi nikamwachia abebe.

Jioni nimefunga mtindi kwenye kitambaa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeutandaza mwenyewe, sawasawa kama ukuta uliopigwa lipu. Mdogo wangu akaingia, akasimama nyuma yangu.

"Karanga zimekaa upande mmoja."

Kumbe neno langu alilihifadhi! Nikasema, "Nishikie trei." Akaishika. Vidole vitatu sasa. Nikamwambia nimeviona. Nikamwambia hata vile viwili vya juzi niliviona.

Trei hakuiachia mpaka tulipofika kwenye friza.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefagia. Barafu imeota mpaka droo ya juu inagoma kufunga. Sikugusa plagi.

"Dada, leo Jumamosi."

"Najua."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Baki." Limenitoka hivyo hivyo, bila kichwa wala miguu. Nikalirudia vizuri: "Nakuomba usiende."

Aliangalia friza. Akasema tuache vigae vigande kwanza.

Sasa mwanawe amefika. Wako sebuleni, nami naandika jikoni nikiwa nimesimama. Sauti ya mwanawe naisikia, anaeleza habari za chumba, dirisha liko upande gani. Ya mdogo wangu siisikii. Sanduku liko mlangoni pa chumba chake, limefungwa. Nimepita hapo mara kadhaa. Sikuthubutu kulinyanyua nijue kama lina kitu ndani.

Trei iko mbele yangu. Nimejaribu pembe moja — pa! Imevunjika kama kigae hasa. Mlio umefika sebuleni, maana wamenyamaza.

"Bibi Kengele! Unatuvunjia nyumba au unaleta?"

Naleta. Akishaamua, la kubaki au la kwenda, nitaliandika hapa lilivyo.